Chokaa ya Mjomba Pandu

Duni Usi alikuwa hawezi kukaa. Mama yake, Bi Mashavu, husema mwanawe alizaliwa na upupu wa nyayo. Wenzake chuoni walipokunja miguu wakasoma juzuu zao kwa utulivu, yeye alisoma yake huku goti likimchezacheza kama aliyekalia siafu. Upupu huo ndio uliomtoa Makunduchi ukampeleka skuli ya mjini, na ndio uliomtoa mjini ukamfikisha Makerere, kule Kampala. Akarudi na digirii mwaka wa hamsini na tano.

Katika ukoo wake, kwa baba na kwa mama, hapakuwa na mtu aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Baba yake marehemu alikuwa mvuvi wa pweza, hajui kusoma hata jina lake. Mama yake mpaka siku ile alikuwa akienda pwani na wenzake kupiga makumbi, watoe usumba wa kusokotea kamba. Basi mtu wa asili hiyo akirudi na elimu kubwa, watu humtazama. Mmoja humtazama apate mfano wa kumpa mwanawe, na mwingine humtazama ili siku atakapojikwaa asikose kuwapo.

Serikali ilikuwa imemwekea kazi mjini, katika ofisi kubwa zinazotazama Forodhani. Alifikia mtaa wa Ng'ambo, huko huko mjini, kwa sahibu yake Masoud, waliyesoma pamoja, ambaye tayari alikuwa karani katika ofisi hizo hizo. Masoud alimsifia kiti kilichokuwa kikimngoja, akamwambia kina mto wa kukalia na dirisha la kuingiza upepo wa bahari. Jioni wakienda kutembea Forodhani. Watu wengine wakikaa ukutani, wakinunua urojo, wakizungumza. Duni akiizunguka bustani tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tena.

"Ndugu yangu," Masoud alimwambia siku moja, akajitupa kwenye ukuta, "mimi nimekuja kupunga upepo. Sikuja kutufu kama niko Makka."

Kilichokuwa kikimzungusha Duni ni dada yake, Kidawa. Kila likizo, alipokuwa bado skuli ya mjini, alikuwa akimwandikia herufi kwenye mchanga wa pwani maji yakitoka, na mtoto yule akizishika kabla maji hayajarudi kuzifuta. Siku Duni alipoondoka kwenda Kampala, Kidawa alimuuliza zamu yake yeye ni lini. Duni akamjibu: nikirudi. Sasa amerudi, na Makunduchi ilikuwa na skuli ya wavulana tu. Kidawa amekuwa msichana mkubwa, mikono imeanza kuwa migumu kwa makumbi, na wachumba walikuwa hawako mbali.

Katika Idara ya Elimu palikuwa na Mwingereza mmoja, mtu mzima mwenye mvi, ambaye watu wakimwita Bwana wa Elimu. Duni alikwenda kumwona kabla hata ya kwenda kukiona kile kiti chake. Akaambiwa kwamba mawe na mbao za skuli moja ya wasichana katika kusini ya Unguja vimeshapangwa, lakini kiwanja sharti kitolewe na wenyeji kwa hiari yao. Kijiji kitakachotoa kiwanja kwanza ndicho kitakachojengewa. Duni alitoka humo akashuka ngazi mbilimbili.

Sasa sikilizeni alivyoharibu.

Watu wa Makunduchi walimsomea maulidi ya kumshukuru Mungu kwa kurudi kwake. Bwana wa Elimu alialikwa akaja, na Mudiri wa wilaya akaja, wakawekewa viti mbele. Baada ya dua Duni akasimama kuzungumza, na alizungumza vizuri, hapana aliyelikataa hilo. Alipofika kwenye habari ya skuli ya wasichana damu ikamchemka. Akanyoosha mkono kuonesha ng'ambo ya barabara, penye minazi michache na uwanda mzuri wa kujengwa, akasema mbele ya wageni na wenyeji, "Kiwanja kipo. Kile pale, cha mjomba wangu, Mzee Pandu."

Mzee Pandu, kaka yake Bi Mashavu, alikuwa amekaa safu ya mbele na kanzu yake ya Idi. Alikuwa mchomaji chokaa, mtu wa maneno machache, na kiwanja kile alikirithi kwa wazee wake. Hapana aliyemuuliza. Wala hapana aliyemdokeza. Watu wote waligeuka wakamtazama, na yeye akaendelea kuvuta tasbihi yake kama aliyekuwa peke yake msikitini. Mtu akikuvua kofia kichwani mbele za watu akampa mgeni, basi hata kama ulikuwa na nia ya kumpa, kichwa hupata baridi.

Usiku ule Bi Mashavu alimwambia mwanawe kwamba amemvua nguo kaka yake. Duni akasema, mama, mimi nimemtukuza. Mama yake akamwambia asubuhi aende akamwombe radhi na akamwombe kiwanja, kwa mpango huo, asianze na la pili.

Duni alikwenda. Lakini kwa haraka aliyokuwa nayo alianza na la pili. Mjomba wake alikuwa akipanga kuni kwenye tanuu lake la chokaa, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Siku ya Mwaka si mbali. Tutaonana uwanjani."

Kwa asiyezijua desturi za Makunduchi, Siku ya Mwaka ni siku ya kuukaribisha mwaka kwa hesabu ya wazee, na asubuhi yake wanaume hukutana uwanjani, watu wa upande wa kusini na watu wa upande wa kaskazini, wakapigana kwa mabua ya migomba. Hawapigani kwa uadui. Wanapigana ili uadui utoke. Mwenye kinyongo na mwenzake humwita, wakapigana mabua mpaka roho zao zikapoa, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake wakaimba, na ya mwaka jana yakaisha hapo. Duni alikuwa wa kusini kwa baba yake na Mzee Pandu alikuwa wa kaskazini, kwa hiyo kuitana kwao hakukuwa na tatizo lolote. Wazee wa rika la Mzee Pandu walikuwa na lao jingine pia, ambalo vijana walikuwa wameshaanza kulisahau: kinyongo ukishakipeleka uwanjani hakizungumzwi tena kibarazani. Kitaisha kwa bua, au kitangoja mpaka Siku ya Mwaka nyingine.

Siku ilipofika, Bwana wa Elimu alikuja na mkewe kutazama. Mudiri akawatandia turubai pembeni mwa uwanja, na Duni akapewa kazi ya kuwaeleza mambo. Alivaa suti yake nyeupe ya siku ya digirii. Alikuwa akieleza vizuri sana, habari za kale na habari za Washirazi, aliposikia jina lake.

Mzee Pandu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kikoi amekifunga juu ya magoti, bua la mgomba mkononi.

"Duni wa Usi!" aliita. "Njoo mwanangu. Nna jambo na wewe."

Bibi wa Kizungu akauliza yule ni nani. Na Duni, Mungu amsamehe, alimtazama mjomba wake, akaitazama suti yake, akawatazama wageni walioshika ufunguo wa skuli yake, akajibu kwa Kiingereza kwamba ni mzee mmoja tu, anafanya mzaha. Kisha akanyanyua mkono, akatabasamu, akampungia mjomba wake kama anayemuaga abiria gatini.

Mzee Pandu alingoja. Vijana walipigana kulia kwake na kushoto kwake, maji ya migomba yakiruka, na yeye kasimama palepale. Wanawake waliokuwa wakiimba pembeni hawakuliacha lipite, maana Siku ya Mwaka ulimi wa mwanamke hauna kizuizi. Mmoja akatunga na wengine wakapokea:

"Mwenye suti nyeupe, hashiki bua la mgomba,
anaogopa madoa, hamwogopi mjomba!"

Watu walicheka. Duni alicheka pia, kwa kuwa hakujua la kufanya na uso wake. Aliporudisha macho uwanjani, Mzee Pandu alikuwa amelilaza bua lake chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, na alikuwa akienda zake. Hakungoja hata kibanda kichomwe. Moshi ulipopanda na vigelegele vikapigwa, Duni alimtafuta mama yake kwa macho. Alimwona, kasimama katikati ya wenzake, kafumba mdomo.

Kuanzia siku ile Mzee Pandu akawa kiziwi wa neno moja. Duni akienda kumwamkia, mjomba wake humwitikia marahaba kwa upole, humuuliza hali, humpa muhogo wa kuchoma. Habari ya kiwanja ikitajwa, mzee hutazama mawingu akaeleza namna mvua za mwaka huu zitakavyokuwa. Ukirudia, hurudi kwenye mvua. Duni akadhani anakomolewa, akaenda kumlalamikia mama yake. Alimkuta uani akisokota kamba.

"Mama, hizi ni zama za redio na eropleni. Mtu mzima na akili zake ananambia habari za mvua!"

"Keti," akasema Bi Mashavu.

"Sitaki kuketi."

"Basi sikia hivyo hivyo ulivyosimama. Kaka yangu kiwanja alishakitoa rohoni siku ya pili ya maulidi. Alitaka akupige mabua mawili matatu, watu waone, kisha akushike mkono akakupe kiwanja mbele yao, kama ulivyomnyang'anya mbele yao. Alinambia mwenyewe. Sasa wewe umemnyima kukupiga, atakupaje?"

Duni akauzunguka ua. Kisha akauliza kwa nini basi yeye mama asimwambie mapema.

"Ningekwambia mjomba wako anataka kukupiga, ungevaa suti mbili," akajibu mama yake, akaendelea kusokota.

Siku ya pili yake Duni alikata mabua mawili ya mgomba, akayachukua begani mpaka kwenye tanuu la mjomba wake, mchana kweupe, watu wakimwona. Akamwamkia, akayaweka mbele yake, akamwambia ampige pale pale, sasa hivi, kiasi atakacho. Mzee Pandu akayatazama mabua. Akayachukua yote mawili, akayapima uzito, akasema ni mazuri. Kisha akamtupia mbuzi wake ayale.

Bwana wa Elimu alikuwa amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Duni akawa kama pia inayozungushwa. Asubuhi yuko Makunduchi, kesho yuko mjini, keshokutwa yuko kwenye gari anarudi shamba. Kwa Masoud alikuwa hali akashiba, akisimama na sahani mkononi dirishani. Masoud, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia jambo lenyewe ni jepesi. Serikali ikikitaka kiwanja kwa ajili ya skuli inaweza kukichukua, mwenyewe akafidiwa, na mzee akaendelea na mvua zake. Mudiri anaweza kuliandaa hilo kwa asubuhi moja. Kwani Duni ni mtu wa nani siku hizi, kama si mtu wa serikali?

Lilikuwa neno la maana, nalo lilimkaa Duni. Alikwenda mpaka ofisi ya Mudiri. Akafika mlangoni, akanyanyua mkono kubisha hodi. Ndani alisikia Mudiri akikohoa. Na pale mlangoni, mkono bado uko juu, akaiona skuli imeshajengwa, nyeupe, na bati jipya, katika kile kiwanja kilichochukuliwa kwa nguvu. Akawaona wanawake wakipita barabarani na binti zao, wanageuza uso upande wa pili. Nani atampeleka mwanawe akasomee juu ya kinyongo cha Mzee Pandu? Akaushusha mkono, akaenda zake bila ya kubisha.

Mwisho wa mwezi mawe na mbao zikaenda kijiji kingine. Bwana wa Elimu hakumlaumu, alimpa pole tu, na akasema hawezi kuahidi kwamba vitapatikana tena. Duni akamwomba jambo moja: badala ya ile kazi ya ofisini, apelekwe kufundisha skuli ya wavulana ya Makunduchi. Mzungu akamuuliza kama amefikiri. Duni akasema hajafikiri jambo jingine.

"Ala!" Masoud alisema alipomsikia. "Umesoma mpaka mwisho wa kitabu ili urudi ukurasa wa kwanza?"

"Kuna mtu nilimwacha kwenye ukurasa wa kwanza," akajibu Duni, akafunga mizigo yake.

Alimwambia Kidawa mwenyewe kwamba skuli haipo na kosa ni lake. Yule msichana hakulia wala hakumlaumu. Aliuliza tu kama herufi zinahitaji paa.

Basi mwaka ule ulianza hivi. Asubuhi Duni akifundisha wavulana. Alasiri alijaribu kukusanya wasichana katika ua wa mama yake, lakini mama zao hawakuwatoa, walisema mikono yao inatakiwa kwenye makumbi. Wiki nzima alikuwa na wanafunzi watatu, mmoja wao dada yake. Ndipo alipoona ni yeye anayepaswa kwenda. Akakunja suruali, akateremka pwani maji yakitoka, mahali wanawake walipokaa wakipiga makumbi kwa miti yao, akasimama katikati ya harufu ile ambayo wasomi huikimbia. Kidawa akapiga kumbi lake, akataja herufi. Akapiga tena, akataja ya pili. Wenzake wakafuata. Haikupita muda pwani yote ikawa inapiga kwa mdundo mmoja, ba, be, bi, na wanawake watu wazima waliokuwa wakinuna wakajikuta nao wanaitikia. Duni akienda mbele na kurudi nyuma kwenye tope, akiandika mchangani kwa ufito. Lilikuwa darasa la kwanza lililomfaa mwalimu asiyeweza kukaa.

Kuna siku Mzee Pandu alipita juu ya ukingo na kuni zake, akasimama, akasikiliza, akapita. Kesho yake akaja mjukuu wake, Mwanapili, na mti wake wa kupigia makumbi begani. Hakusema katumwa na nani, akakaa karibu na Kidawa akaanza.

Kisha Duni akaanza kuiona chokaa.

Kila mchomaji chokaa huchoma, akauza, akachoma tena. Mzee Pandu alichoma, akauza nusu, na nusu nyingine akairundika pembeni mwa kile kiwanja chake, akaifunika makuti. Alipochoma tena, rundo likakua. Kabla ya masika lilikuwa limefika kifua cha mtu. Kijiji kizima kililiona na hapana aliyeuliza, maana wote walijua kuna jambo ambalo halizungumzwi. Duni alikuwa akipita pale kila siku, hata alipokuwa hana safari ya upande ule.

"Unatazama nini?" mjomba wake alimuuliza siku moja, kutoka nyuma ya mnazi.

"Hakuna kitu, mjomba."

"Basi pita."

Akapita. Nyumbani alimwuliza mama yake, mama, chokaa ile ya nani? Bi Mashavu akamwambia akamuulize mwenyewe akithubutu. Kuna siku gari la mizigo lilikuja kutoka mjini likasimama pale pale, na Duni akawaacha wavulana wake katikati ya hesabu akatoka mbio, akafika anahema, akakuta gari linapakia chokaa ya tanuu jingine. Akasimama pale jasho linamtoka. Wapakizi wakamuuliza kama amekuja kusaidia. Akasaidia.

Lakini lililomnyima usingizi lilikuja na masika. Mzee Pandu alishikwa na kifua, akalala. Kikohozi chake kilisikika barabarani. Duni akawa akienda asubuhi kabla ya skuli na jioni baada ya pwani, akimsaidia kumgeuza, akimshikia bakuli la uji. Aliona jinsi mikono ile iliyokuwa ikibeba mawe ya tanuu ilivyonywea, akaingiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: kwamba mzee atakufa na kinyongo chake kifuani, na yeye Duni atabaki duniani na deni ambalo hapana wa kumlipa. Siku moja hakuweza kuvumilia. Akapiga magoti karibu na kitanda akasema, "Mjomba, lile jambo la uwanjani…"

Mzee Pandu akageuza uso kwenye dirisha, ambako mvua ilikuwa ikipiga makuti.

"Hii mvua," akasema kwa sauti ndogo, "ni nyingi kuliko ya mwaka jana. Nenda kanitazamie makuti yangu kama yamefunika vizuri."

Hakusema makuti ya wapi. Duni alitoka mbio kwenye mvua ile, akalifunika rundo la chokaa kwa mikono yake mpaka likawa halipitishi tone, akarudi chepechepe. Mjomba wake alikuwa amelala.

Mzee alipona, lakini alipona nusu. Kipupwe kilipoingia alikuwa akitembea na bakora.

Siku ya Mwaka ikaja. Safari ile hapakuwa na turubai, wala Wazungu hawakuja. Duni alivaa kikoi cha marehemu baba yake na shati lililochanika bega. Bua alikuwa amelikata tangu alfajiri, akalipiga kwenye mnazi kulijaribu, likavunjika, akakata jingine. Mama yake alimwambia atalimaliza shamba la migomba kabla jua halijatoka.

Uwanjani watu walikuwa wengi. Vijana walianza, mabua yakaruka, vumbi likapanda. Mzee Pandu alikuwa amekaa kwenye kigogo upande wa kaskazini, bakora katikati ya magoti, akitazama kama mtu aliyekuja kuona tu. Duni alimngoja amwite. Hakuitwa. Akaanza kuzunguka pembeni mwa uwanja, kama alivyokuwa akizunguka Forodhani. Akafikiri labda mzee hana nguvu tena. Labda amesamehe kimya kimya. Labda, na hili ndilo lililomchoma, ameona kwamba mtu aliyekataa kuitwa mara moja haitwi mara ya pili.

Wanawake wakamwona anavyozunguka, na wimbo wa mwaka jana ukaanza kuchungulia midomoni mwao. Ndipo Duni alipoingia katikati ya uwanja, akasimama pale pale aliposimama mjomba wake.

"Mjomba Pandu!" akaita. "Mwaka jana uliniita sikuja. Leo nimekuja."

Uwanja ukanyamaza kidogo kidogo, kama mvua inavyokatika. Mzee Pandu akakaa pale kwenye kigogo muda ambao Duni aliuona mrefu kuliko miaka yake yote ya Kampala. Kisha akamkabidhi jirani yake bakora, akanyoosha mkono, akapewa bua, akainuka akaingia katikati.

Pigo la kwanza lilimpata Duni begani, nalo lilikuwa jepesi. La pili lilimpata sikio, na hilo halikuwa jepesi. Duni akalirudisha lake polepole, akamgusa mzee kwenye paja.

Mzee Pandu akaacha kupiga.

"Hivyo ndivyo ulivyofundishwa? Piga kama mtu. Usinipige kama mgonjwa."

Duni akampiga kama mtu. Mzee akayumba, kofia ikamtoka, na Bi Mashavu kule pembeni akashika kichwa. Lakini yule mzee alikuwa anacheka, cheko la kifua kibovu lenye kikohozi ndani yake, na katikati ya cheko lile akamshukia mpwa wake kwa bua mgongoni, mbavuni, kichwani, mpaka bua likawa nyuzi nyuzi na maji yake yakawarowesha wote wawili. Wanawake wakapata wimbo mpya:

"Kavua suti nyeupe, kalishika bua la mgomba,
sikio limemvimba, kasalimiana na mjomba!"

Kibanda kikawashwa moto. Watu wakakimbilia huko, moshi ukatanda, na wao wawili wakabaki pale, Duni akimshika mzee mkono asianguke. Mzee Pandu akapumua mara kadhaa. Hakutazama mawingu.

"Ile chokaa ikipigwa na masika mengine itakuwa jiwe," akasema. "Mnaanza lini kujenga?"

Duni akasema hana cha kujengea. Kwa maana mbao hazikuwapo, wala mawe hayakuwapo, vyote vilikwenda kijiji kingine kwa kosa lake mwenyewe. Alimweleza hivyo. Mjomba wake akasema mawe yako chini ya ardhi ya Makunduchi toka enzi ya Nabii Nuhu, hayajahama. Mbao ni kazi yake yeye aliyesoma. Duni tayari alikuwa ameshageuka, kikoi kinamchuruzika, anataka kwenda kwa Mudiri, na kutoka kwa Mudiri apate gari la mjini.

Mzee Pandu akamshika mkono.

"Leo hapana mtu anayekula peke yake. Twende ukale kwangu kwanza."

Walikula kwa Mzee Pandu, mkekani, wageni na wenyeji, wali na pweza wa nazi. Bi Mashavu alimjazia kaka yake sahani mara mbili. Kila aliyepita alilitazama sikio la Duni, akatoa neno. Duni alikula, akaitikia mzaha, akachekeshwa akacheka. Lakini goti lake lilikuwa linacheza juu ya mkeka, hata vikombe vilikuwa vinagongana.

Akanyanyua macho, akaona ng'ambo ya barabara Kidawa na Mwanapili wako kiwanjani, kanga mpya za Siku ya Mwaka zimefungwa viunoni. Kidawa alikuwa ameshika ncha ya kamba ya usumba aliyoisokota mwenyewe, na Mwanapili ameshika ya pili, wanaivuta kutoka mnazi hadi mnazi. Wakaivuta, wakapima msingi kwa hatua, wakabishana, wakaisogeza. Wasichana wengine wa pwani walikuwa wakija mmoja mmoja kutazama.

Mkono wa Duni ukasita na tonge. Akamtazama mjomba wake.

Mzee Pandu alikuwa amekwisha kuwaona. Akaivuta sahani ya mpwa wake karibu naye, akamimina kilichobaki katika yake.

"Nenda," akasema. "Vikombe vyangu vitavunjika."